Tulikimbia, Kanisa Likaungua

Beni, Commune ya Mulekera
Alhamisi, tarehe 13 Novemba 2025

Mpendwa yaya Mumbere, kaka yetu mkubwa,

Nakusalimia kwa jina la Bwana, wewe na nyumba yako yote huko Kampala. Kifua chako kinaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema baridi ya asubuhi inakusumbua na dawa zimekwisha. Shemeji Eliane bado anauza vitenge? Na Gracieuse, yule msichana wa kubishana, amefaulu mtihani wake? Tunawataja kila jioni kabla ya kula, ingawa mwanangu mdogo anawaombea mbio mbio kwa sababu sufuria iko mbele yake.

Sisi tuko hai. Naanza na hilo ili usiruke mistari ukitafuta jina la aliyekufa. Papa yuko hai, mimi niko hai, na watoto wangu nimewatuma wiki hii Butembo kwa mdogo wetu Nadège. Afya ya mwili ni nzuri. Usingizi ndio haupo.

Najua utashangaa kupata karatasi katika nyakati hizi. Simu ninayo, na salio kidogo ninalo. Lakini katika groupe ya familia kwenye simu neno likiingia asubuhi, mchana limeshazunguka mtaa mzima na limetiwa chumvi. Haya ninayokuandikia yakisomwa vibaya na mtu mmoja tu, Papa anaweza kuuawa. Ndiyo sababu nampa Vagheni, yule mama wa biashara anayevuka mpaka wa Kasindi, naye amekubali kuificha barua kati ya nguo zake. Anatarajia kuondoka na convoy ya kesho, msafara wa magari unaolindwa na askari. Ukisha kuisoma, tafadhali usiipige picha.

Yaya, kanisa letu la zamani limeungua. Si lile la barabarani lenye vioo, ambalo mvua ikinyesha hamsikii mahubiri. Ni lile la matofali mekundu, ambalo babu na wenzake walilijenga wakichoma matofali wenyewe, kila familia na tanuru lake. Papa alibatizwa humo na wewe ulifunga ndoa humo. Waasi wa Mulele wa miaka ya sitini walilala ndani yake wakaondoka bila kuvunja hata mlango. Vita vyote vilivyofuata vilipita pembeni. Tulizoea kusema kwamba nyumba ile imetuzidi sote umri na itatuzika sote.

Sasa zimebaki kuta tatu nyeusi na tôles za paa zilizojikunja chini. Mbao za libuyu, zile ambazo fundi wa leo hawezi kuzipata hata akitembea mwezi mzima msituni, zimekuwa majivu. Benchi la Mama halipo tena, lile ulilochora jina lako kwa msumari ukapigwa mbele ya Sunday school nzima. Nilipofika mahali lilipokuwa nilitafuta hata kipande cha kuweka nyumbani. Sikupata, na nililia kama siku tuliyomzika Mama.

Moto wenyewe hauna siri. Unajua kwamba mwezi huu ni wa mavuno, na wakristo wanaleta sadaka yao ya kakao. Mwaka huu mvua haikatiki, jua halionekani, na kakao ikipata ukungu mnunuzi anaitazama tu na kukupita. Mama wa kanisa wakafanya kama wanavyofanya nyumbani kwao: wakaitandaza kakao juu ya vitanda vya miti katika chumba cha nyuma, na chini yake wakaweka mbabula za makaa ya moto. Jioni moja makaa yaliachwa bila mtu. Wamekiri wenyewe, wameomba msamaha, na hakuna anayewachukia.

Jambo baya ni lile lililofuata, na hapo ndipo Papa anapoingia.

Wewe uliondoka kabla mambo haya hayajawa desturi, kwa hiyo acha nikueleze. Papa bado ni mlinzi wa kanisa lile na ndiye anayepiga jante, ule mduara wa chuma wa gurudumu la kamyo unaoning'inia mbele ya mlango. Zamani ilikuwa ya ibada tu. Anapiga polepole, anapumzika, anapiga tena, na watu wanavaa viatu. Tangu mauaji ya wale waasi wa porini yalipotufikia, wazee walikubaliana kwamba akiwaona adui au akiletewa habari yao, atapiga mbio mbio bila kupumzika. Ukiisikia hiyo huulizi kitu. Unabeba mtoto, unaacha chakula motoni, unakimbia upande wa mjini. Imetuokoa zaidi ya mara moja, na kila mtu katika mtaa huu anajua hivyo.

Jioni ile nilikuwa nakoroga bugali. Papa alitoka kwake, akaona moto umeshika mlango wa chumba cha nyuma, akakimbilia jante ili aite watu walete maji. Akapiga mbio mbio. Nimemlaumu kichwani mwangu, kisha nimejiuliza ni mkono wa nani unaoweza kupiga polepole na kupumzika wakati paa la babu yake linawaka.

Sisi tulisikia adui. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikamshika mwingine mkono, nikatoka bila kufunga mlango. Askari wa position ya juu, ile kambi ndogo ya jeshi, nao waliisikia wakapiga risasi hewani, na hapo hata wale waliokuwa wanasitasita walianza kukimbia. Mchungaji alinipita akiwa na valize ya nguo kichwani. Sijamwona akikimbia hivyo hata kwenye mpira wa vijana. Tulipofika kilimani tuligeuka, tukaona mbingu nyekundu juu ya mtaa wetu, tukasema basi, wameanza kuchoma nyumba. Tukaongeza mwendo.

Nyuma yetu Papa alibaki na mama Kyakimwa, yule jirani ambaye nyonga yake haimruhusu kukimbia. Mama huyo alikuwa anateka maji kwa kidumu. Papa anapiga jante, anaacha, anamwaga ndoo moja, anarudi kupiga. Alivyozidi kutuita ndivyo sisi tulivyozidi kwenda mbali. Mama Kyakimwa anasema mwishoni Papa alikuwa anataja majina yetu kwa sauti, na langu alilitaja mara nyingi. Paa lilianguka wakati sisi tumekaa mbele ya bureau ya mji tukihesabu watoto na kumshukuru Mungu.

Tuliporudi asubuhi, tulikuta jambo la pili. Wezi walikuwa wamepita katika nyumba zilizoachwa wazi. Mbuzi, panneaux za sola, magunia ya kakao, godoro, vyote vilibebwa. Nzanzu, mtoto wa jirani mwingine, aliye motard wa kubeba abiria, aliibiwa pikipiki yake, na ndiyo iliyokuwa inalisha mama yake na wadogo zake wote.

Siku mbili za kwanza watu walilia tu. Tulilifanyia kanisa kilio kama tunavyomfanyia mtu: bâche, turubai la kivuli, ikafungwa karibu na majivu, mama wakakaa chini kwenye mikeka, wageni wakatoka Butembo na hata Kanyabayonga wakileta maharagwe na samaki wa makayabo. Wakimbizi wanaoishi kwetu, ambao wamepoteza zaidi ya kanisa, walikuja kutufariji sisi. Niliona aibu na nikafarijika, yote pamoja.

Siku ya tatu Nzanzu alisimama kando ya bâche akasema kwa sauti ya kusikika:

« Ule muzee alitufukuza na jante yake, na bezi bakaingia. Mutu anapiga ya adui na adui hakuna. Mumuulize, iko natumika na banani? »

Alitaka kusema Papa anafanya kazi na adui, na hakuna aliyemtetea. Yaya, hilo ndilo lililonitisha kuliko maneno yake. Watu ambao Papa amewaamsha na kuwaokoa walitazama sahani zao. Kila mmoja ana aibu kwa sababu alikimbia na kanisa likafa peke yake, na ni rahisi zaidi kumkasirikia anayepiga kuliko kukaa na aibu hiyo. Jioni neno lilikuwa limekwisha kufika sokoni, na lilikuwa limepata jina: collabo, msaliti.

Wewe uko mbali, labda umesahau uzito wa jina hilo hapa. Nimeona kwa macho yangu, kwenye njia panda, mtu akivishwa tairi kabla ya yeyote kumuuliza anatoka wapi. Baadaye ndugu zake walikuja kutoka Lubero kumtafuta. Alikuwa mnunuzi wa viazi tu. Wale waliomchoma tunasali nao, na mmoja wao ananiuzia sabuni.

Juzi vijana walisimama mbele ya lango la parcelle ya Papa bila kusema kitu. Jana walitupa mawe juu ya tôles. Nilikuwa ndani nampikia sombe. Papa aliinua kichwa akasema mawe hayo ni madogo, yatakuwa ya watoto. Mimi nikamwaga mafuta, na yeye akanigombeza kwa ajili ya mafuta.

Nimemwomba aende Butembo kwa Nadège hata kwa mwezi mmoja. Amekataa.

« Niende, kisha baseme nilikimbia? Miye sikukimbiaka, Florentine. Na bale ba pori nao bako karibu, unajua. »

Na kuna jambo la Jumamosi. Kilio kitafungwa siku hiyo, na unajua desturi yetu: kabla watu hawajatawanyika, mmoja wa nyumba yenye msiba anasimama na kutoa historique, anaeleza ugonjwa ulianzaje na marehemu alikufaje, ili asibaki mtu wa kushukiwa. Papa ameomba aitoe yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kanisa hadi mwisho. Wazee wamekubali, nadhani kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Unamjua Papa, hajui kupunguza neno. Atasimama mbele ya watu wote, na Nzanzu na wenzake wakiwa pale, aseme kwamba walikimbia.

Kwa hiyo nakuomba hivi, yaya. Vagheni akifika kwako Ijumaa jioni, mpigie Papa palepale. Tangu Mama alipotuacha anakuhesabu wewe kama kichwa cha nyumba. Mwambie unaumwa sana na unataka kumwona, aondoke kabla ya kilio kufungwa. Najua ni uongo, na najua unachukia uongo. Mdanganye hata hivyo. Nitaubeba mimi mbele ya Mungu.

Jumapili, tarehe 16 Novemba

Yaya, barua hii bado iko mkononi mwangu. Convoy ya Kasindi haikuondoka Ijumaa kwa sababu ya usalama, na Vagheni atangoja hadi kesho. Nilitaka kuchana karatasi ya kwanza nianze upya, kisha nikaiacha uone nilivyokuwa.

Jana watu walijaa hadi nje ya bâche. Nilikaa nyuma ya Papa, karibu kiasi cha kuweza kushika koti lake, kana kwamba hilo lingesaidia kitu. Nzanzu na wenzake walisimama upande wa barabara, na chini karibu na pikipiki ya mmoja wao kulikuwa na kidumu cha petroli. Motard kuwa na petroli si ajabu. Lakini wimbo ukaimbwa, sala ikaombwa, mchungaji akazungumza kwa muda mrefu kama kawaida yake, na mimi sikusikia hata neno moja. Nilikuwa nakitazama kidumu kile.

Papa alisimama akavua kofia. Alianza taratibu, kama anaeleza ugonjwa wa mtu.

« Moto ilianza fasi ya kakao. Ilikuwa kidogo. Batu kumi na ndoo zabo bangeizima. Nikapiga jante. Hakuna mwenye alikuya. »

Kisha akauliza kama waliisikia. Hakuna aliyefungua kinywa, hata mchungaji, hata mimi mtoto wake. Mama Kyakimwa ndiye aliyejibu, akiwa amekaa kwenye mkeka na mguu wake umenyooka mbele.

« Baliisikia. Balikimbia bote. »

Nikaona vichwa vinainama. Nikaona Nzanzu anasogea mbele. Nilishika koti la Papa kwa kweli, nikalivuta ili aketi, naye akautoa mkono wangu bila hata kugeuka.

« Mulifanya muzuri, » akasema. « Ni miye nilibafundisha. Nilisema mukisikia ya mbio, mukimbie, musiulize kitu. Mulifanya vile. Kanisa ilikufa sababu munaniaminiaka. Kosa ni ya mukono yangu, ilipiga ya adui kwa moto. Sasa niko nasikia bamoya banasema siku ingine batangojea kwanza baone kama kuko moshi. Hapana. Musingojee. Kanisa tutajenga ingine. Mutu, hakuna mwenye anamujengaka. »

Kisha akamtafuta Nzanzu kwa macho na kumwita kwa jina.

« Mutoto yangu, pole ya pikipiki yako. Balikuibia sababu ulikimbia na mama yako ku mugongo. Nilikuona. Siku ingine umubebe tena. »

Nilikuwa sijui hilo, yaya. Nadhani wengi hawakujua kwamba kijana yule aliiacha pikipiki ili ambebe mama yake. Nzanzu alisimama pale akiwa ametazama chini. Mama mmoja akaanza kulia, kisha mwingine, na kilio kile hakikuwa tena cha kanisa peke yake. Mchungaji mwenyewe alifunika uso kwa Biblia. Nilipotazama tena barabarani, mmoja wa vijana alikuwa anamimina petroli ndani ya tanki la pikipiki yake. Wakaondoka taratibu. Hadi leo sijui kama walikuwa wameileta kwa ajili ya tanki tangu mwanzo, na sitauliza.

Baadaye wazee walikaa kidogo wakaamua kwamba moto utaitwa kwa ngoma, na jante itabaki ya adui tu. Wakamwachia Papa chuma chake cha kupigia. Leo asubuhi watu watatu walimletea ndizi, na mke wa mchungaji akaleta kuku, akasema ni wa kumwongezea nguvu. Papa analalamika kwamba kuku huyo ni mzee kuliko yeye.

Unaweza kufikiri kwamba sasa nalala. Silali. Ile hofu ya vijana imepungua, ingawa bado nasikiliza kila pikipiki inayopunguza mwendo mbele ya lango. Lakini imekuja nyingine chini yake. Wiki hii wanawake wawili wa mtaa wa juu walikwenda shambani na hawajarudi. Watu wanalala na nguo zao. Wote wanasema angalau mzee Gamaliel, yaani Papa, yupo. Wanalisema kwa shukrani, na kila wakilisema mimi nasikia baridi mgongoni.

Miaka yote hii, kila nilipokimbia na watoto, nilikuwa najiambia Papa yuko nyuma yetu kidogo, anakuja, ataonekana kwenye kona. Sikuwahi kufikiri vizuri. Hadi moto huu, mama Kyakimwa aliponieleza jinsi alivyokuwa akipiga na kuacha na kupiga tena, ndipo nilipoelewa kwamba sauti ile tunayoisikia muda wote tukikimbia, hadi tunafika mjini, ni yeye. Bado yuko palepale.

Kwa hiyo lile ombi langu la karatasi ya kwanza, liache. Usimdanganye. Nilitaka kukuomba umwite hata sasa, na kalamu imekataa, kwa sababu nikimwondoa ninawaacha watu wote hawa bila masikio, na wadogo wa Nzanzu na watoto wangu pia wakirudi. Na nikimwacha, unajua ninachokiogopa. Wewe ni mkubwa wetu. Niambie tu kama ninafanya vema, hata kama hujui.

Msalimie sana shemeji Eliane na Gracieuse. Shangazi Orpa anakusalimia na anauliza kama bado unakumbuka Kinande. Nadège anakusalimia kutoka Butembo. Watoto wanamsumbua na anasema wanakula kama askari. Mama Kyakimwa naye anasema Mungu akulinde.

Papa amekataa kuandika mstari wake mwenyewe, anasema macho hayamsaidii. Amenituma nikuambie hivi: siku moja ukisikia kwamba mtaa wetu wote ulikimbia, usihuzunike, umshukuru Mungu. Nikamuuliza, na yeye siku hiyo atakuwa wapi? Alikuwa anamnyonyoa kuku wa mke wa mchungaji, hakuinua hata kichwa.

« Mutu hawezi kupiga na kukimbia kwa wakati moya, mutoto yangu. »

Bwana awafunike nyote chini ya mkono wake, huko na huku.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,

Katungu Florentine